Nafundisha darasa zima, lakini sufuria moja imenishinda

SWALI

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa, na tumejaliwa watoto wawili: wa kike ana miaka 9 na wa kiume ana miaka 6. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akiondoka kuelekea Tunduma na kuvuka mpaka, hupita wiki tatu kabla hajarudi, na akirudi hukaa siku nne au tano tu. Nimesita sana kukuandikia kwa sababu jambo lenyewe, likitamkwa, linaonekana dogo na la aibu. Nimeshindwa kazi za nyumba yangu mwenyewe.

Lilianza kidogo kidogo tangu mwezi wa pili mwaka huu. Hakuna aliyefariki, hakuna aliyeniudhi, mshahara unaingia kama kawaida, na mume wangu hana makuu. Hata hivyo nilianza kuamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri, chakula kikawa hakina ladha, na kwaya niliyoimba kwa miaka minane nikaiacha bila kumuaga mtu. Kinachonishangaza ni kwamba shuleni naweza. Kengele ikilia naingia darasani, nafundisha, nasahihisha madaftari, na ofisini nacheka walimu wenzangu wanapocheka. Nikifika nyumbani nakuwa kama nyumba ambayo umeme wa LUKU umekwisha. Naketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, viatu mguuni na mkoba mapajani, na kuna siku nimekaa hivyo mpaka giza likaingia na binti yangu akaja kuwasha taa.

Vyombo vya jana navikuta vinanisubiri, navitazama, natoka jikoni. Nguo chafu zimejaa kwenye tenga mpaka zimemwagika sakafuni, na sasa tunachagua humo humo iliyo afadhali. Wiki iliyopita nilikumbuka saa nne usiku kwamba mwanangu wa kiume hana shati safi la shule. Nikalifua, nikajaribu kulikausha kwa pasi, na asubuhi akaondoka nalo likiwa na unyevu mabegani. Kuna pia sufuria ya maharage. Niliyapika nikayasahau, yakaanza kunuka, nami badala ya kuyamwaga niliifunika sufuria na kuisukuma nyuma ya mtungi wa gesi. Leo ni siku ya kumi na moja. Kila nikiingia jikoni najua ipo pale, na siwezi kuigusa.

Kilichoniumiza kuliko vyote kilitokea Jumapili. Niliamka usingizini mchana nikamkuta binti yangu amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaosha vyombo kwenye karo bila kuambiwa na mtu, na aliponiona akasema, "Mama, lala tu." Nilirudi kitandani nikalia.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka hospitalini. Daktari alinisikiliza, akaniambia nina sonona, akaniandikia dawa ya fluoxetine ya miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi. Sasa ni wiki ya tatu, na nimeambiwa nirudi baada ya wiki nyingine tatu. Mume wangu hajui. Wanawake wa jumuiya wananiambia niongeze maombi, na mmoja amesema waziwazi kwamba ni mapepo. Mwisho wa mwezi huu mama mkwe anakuja kutoka Kilosa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, naye ni mtu anayefagia uwanja kabla jua halijachomoza na kusugua sufuria mpaka ujione uso. Akiikuta nyumba hii atasema mwanawe alioa mvivu, na nikimtajia hospitali atasema nipelekwe Mirembe, kwa wagonjwa wa akili.

Naomba unisaidie mambo mawili. Nifanyeje ili nyumba isinielemee kabisa wakati nasubiri dawa ifanye kazi, na nimwambie nani? Kuna usiku, nikishawalaza watoto, natamani nilale nisiamke, ingawa sijapanga kufanya lolote. Na kuna swali ambalo sikuweza kumuuliza daktari: je, mimi ni mgonjwa kweli, au ni mvivu aliyepewa jina la hospitali?

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile sentensi uliyoificha karibu na mwisho, ya kutamani kulala usiamke. Umeiandika kwa haraka, kama mtu anayetaja deni dogo, kisha ukakimbilia swali la uvivu. Mimi nitaanza hapo. Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi niliisikia sentensi hiyo kwa watu wengi wenye sonona, na wengi wao walipata nafuu wakaendelea na maisha yao, lakini sikuona hata mmoja ambaye ilimfaa kukaa nayo peke yake. Usisubiri wiki tatu zilizobaki. Rudi kwa daktari wiki hii, umwambie maneno yale yale uliyoniandikia bila kuyapunguza. Dawa ya aina hiyo huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa wengine huchukua hata sita. Tena huweza kutokea mwili ukapata nguvu kabla moyo haujapata matumaini, ndiyo maana wiki hizi za mwanzo zinahitaji jicho la mtu wa pili. Mwambie leo yule mwalimu mwenzako aliyekushika mkono, na umuombe akupigie simu kila usiku watoto wakishalala. Nyumbani weka vidonge vya wiki moja tu, vingine akutunzie yeye. Na ikitokea tamanio hilo likageuka kuwa mpango, usingoje kupambazuke. Mwamshe jirani akupeleke hospitali iliyo karibu, saa yoyote ile, kama ambavyo ungemwamsha kwa ajili ya mtoto mwenye degedege.

Nije kwenye uvivu. Mvivu akiviacha vyombo hukaa kitako akafurahia kukaa kwake, na vyombo hivyo havimwamshi saa tisa usiku. Wewe umeketi kwenye kiti hadi giza likaingia na hukupumzika hata dakika moja. Sonona haichukui mikono ya mtu. Huchukua uwezo wake wa kuanza na uwezo wake wa kuchagua, na kazi za nyumbani karibu zote ni kuanza na kuchagua. Tazama vyombo vichafu. Tunavitaja kama kazi moja, kumbe ndani yake kuna kutafuta maji, kutafuta sabuni, kumwaga makombo, kutenganisha vikombe na sufuria, kusugua ukoko, kusuuza na kupanga. Mtu mwenye afya hazioni hatua hizo, hupita juu yake kama mtu apitaye juu ya mfereji mdogo. Mgonjwa hukutana nazo zote kwa mpigo pale mlangoni pa jikoni, na ndiyo maana unavitazama vyombo kisha unatoka.

Umeshangaa kwamba shuleni unaweza, na nadhani hapo ndipo unapojishuku udanganyifu. Shuleni kuna kengele inayokuanzishia, kuna ratiba iliyokuchagulia, kuna watoto wamekaa wanakusubiri, na kila kipindi kina mwisho. Vile viwili ambavyo ugonjwa umekupokonya, shule inakuazima. Nyumbani hakuna kengele wala mwisho, kwa sababu vyombo vikioshwa leo kesho vipo tena. Ongeza hapo kwamba nguvu zote ulizoamka nazo umezitumia kucheka ofisini wenzako walipocheka, na hiyo nayo ni kazi, tena nzito.

Watu wameliona jambo hili muda mrefu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn, huko Oregon nchini Marekani, alieleza jinsi mtu mwenye sonona anavyopunguza shughuli, akipunguza shughuli anakosa vile vijisababu vidogo vya kuridhika, akivikosa anazama zaidi na kupunguza tena. Kutokana na mawazo hayo ilikua tiba ambayo haimngojei mgonjwa apate hamu kwanza, bali humpa kitendo kidogo kilichopangiwa saa yake, hamu ije nyuma ikitaka. Jirani zetu wa Zimbabwe wamekwenda karibu zaidi na mazingira yetu. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa eneo la Mbare, jijini Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Huko kwao wanaiita hali hii *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, jambo lisilo mbali na sisi tunavyosema mtu "ana mawazo". Bibi hamhubirii mgonjwa. Humsaidia kutaja matatizo yake yote, achague moja, kisha walikate mpaka lipatikane pande linaloweza kubebwa kwa wiki hiyo. Matokeo ya utafiti wao yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na kina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Basi nami, kwa kuwa umri wa ubibi nimeshaufikia, nikukatie pande lako.

Kila jioni usijiulize nyumba ina uchafu gani, maana swali hilo halina mwisho. Jiulize kesho saa kumi na mbili asubuhi watu watatu wa nyumba hii watahitaji nini ili watoke mlangoni. Jibu lake ni fupi: mashati mawili makavu na nguo yako moja, vikombe vitatu, sufuria moja ya kuchemshia chai au uji, maji ndooni, na choo kinachoingilika. Vikiwapo hivyo, kazi ya siku imekwisha, na kilichobaki hakikuhusu mpaka kesho jioni. Mapazia, deki ya sebuleni, kupiga pasi mashuka, utando wa buibui darini, vyote viache mpaka utakapopona. Nakuambia uviache kwa ruhusa yangu, nikiwa najua kabisa kwamba kwetu kazi ya nyumbani hufanywa kwa ajili ya macho ya watu: uwanja hufagiwa kabla wapita njia hawajapita, na sufuria huanikwa kichanjani ng'ambo ya ua ziwake juani ili mtaa ujue mwenye nyumba ni mzima. Mimi mwenyewe nimesugua sufuria kwa majivu nikiwa na homa ya malaria, kwa sababu tu shangazi wa mume wangu alikuwa akitazama. Sijivunii.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu ndiko unakokwamia. Siku moja ambayo mwenzako ameweza kuja, au Jumamosi asubuhi, chagueni sahani tatu, vikombe vitatu, vijiko vitatu, sufuria mbili, mwiko na kisu. Vingine vyote, hata vile vya harusi vilivyo kabatini, vifungeni kwenye kanga mviweke juu ya kabati au chini ya kitanda. Nyumba yenye sahani kumi na mbili huweza kurundika sahani kumi na mbili. Yenye tatu haiwezi kurundika zaidi ya tatu, na mlima unakuwa umezuiwa kabla haujaota. Sufuria ya ugali ukishapakua tu, kabla hujaketi kula, mwagia maji ya baridi mpaka yafunike ukoko. Huko si kuosha, ni kumwaga maji tu, lakini ukoko uliolala ndani ya maji utabanduka wenyewe kwa kidole, na uliokauka utakudai stilwaya na robo saa ambayo huna. Weka kigoda au kiti cha plastiki karoni uoshe ukiwa umekaa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba vyombo huoshwa kwa kusimama. Ukiishiwa nguvu umeshaosha vikombe vitatu peke yake, ondoka. Asubuhi vitanyweka chai.

Kuhusu kile kiti cha mlangoni, kihamishie chumbani kwa mwezi mmoja. Ukitoka shule usipitie mlango wa mbele. Zunguka uani, uingilie jikoni ukiwa bado na viatu vyako vya kazini. Najua nyumbani viatu huvuliwa, lakini kwako hivyo viatu bado vina ualimu ndani yake, na ule ualimu una dakika kumi za mwisho ambazo tunazihitaji. Weka saa ya simu ilie baada ya dakika kumi, hiyo ndiyo kengele yako. Ndani ya dakika hizo injika maji ya chai, loweka mashati mawili, basi. Simu ikilia, vua viatu, weka mkoba, kaa, na kukaa huko kusiwe kwa wizi, maana kipindi kimekwisha.

Mashati yasifike kwenye tenga. Mtoto akivua tu, liingie beseni lenye maji na sabuni ya unga; kola, makwapa na mikono ndivyo vinavyohitaji kufikichwa, mwili wa shati huridhika na kusuuzwa. Yakianikwa saa kumi jioni yanakutana na jua la mwisho na upepo wa usiku, hata pasi hutaihitaji. Lile tenga lililofurika mpe dada wa kufua, umlipe kwa beseni, mara mbili kwa mwezi. Unaweza kuona ni matumizi ya ovyo kwa mshahara wa mwalimu. Mimi naona ni sehemu ya gharama za matibabu, kama nauli ya kwenda kliniki.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Maandazi ya jirani ni kifungua kinywa halali, mayai na viazi ni mlo kamili wa jioni, na maharage yapikwe Jumamosi tu, siku ambayo upo nyumbani kuyakumbuka.

Binti yako amenigusa. Mtoto wa miaka 9 kuosha vyombo si balaa katika malezi yetu. Wewe na mimi tuliosha tukiwa wadogo kuliko yeye. Kinachohitaji kuangaliwa ni ile kauli yake, "Mama, lala tu," kwa sababu ni kauli ya mlinzi. Anaona kitu kimekupata, hajaambiwa ni nini, na mtoto asiyeambiwa huhisi kwamba yeye ndiye chanzo au yeye ndiye tiba. Mwite akae karibu nawe, umwambie kwa maneno machache kwamba mama ana ugonjwa unaomfanya achoke na kuhuzunika, kwamba daktari anajua na amempa dawa, na kwamba si yeye aliyeusababisha wala si kazi yake kuuponya. Kisha mpe kazi iliyo yake na yenye mpaka, kama kufuta vikombe na kuvipanga, na kaka yake naye apewe ya kwake. Miaka 6 inatosha kukusanya sahani na kuzileta karoni, hata akiwa mwanamume. Baada ya hapo aende kucheza, na umwone anakwenda.

Mume wako mwambie kabla mama yake hajafika. Usimwambie akiwa anapanda mlima Kitonga. Muulize atalala wapi leo, na ukishajua gari limeegeshwa na amekula, piga. Wanaume wengi ukiwaambia "sijisikii vizuri" watakuambia upumzike, na simu itakatwa. Mpe vitu vinavyoshikika: daktari amesema nina sonona, natumia dawa kila asubuhi, siwezi kulala tangu mwezi wa pili, nyumba imenishinda, na kuna usiku natamani nisiamke. Hilo la mwisho usiliache hata kama sauti itakatika. Halafu muombe mambo matatu tu: apige simu kila jioni, achangie malipo ya dada wa kufua, na azungumze yeye na mama yake.

Hilo la tatu ndilo ufunguo wa ugeni unaouogopa. Habari za ugonjwa wako zikitoka kinywani mwako mlangoni zitasikika kama udhuru wa mkwe. Zikitoka kwa mwanawe, kabla mama huyo hajapanda basi, zitakuwa taarifa ya familia. Amwambie kwamba mkewe anaumwa, yuko kwenye dawa, na kwamba atafurahi akija kusaidia kadiri macho yake yatakavyomruhusu. Si lazima ajue kila kitu. Neno sonona linatosha, na habari za usiku zako zibaki kwako, kwa mumeo, kwa mwenzako na kwa daktari. Akitaja Mirembe, msimkatalie kwa hasira. Mirembe ni hospitali, ipo Dodoma tangu wakati wa mkoloni, wanaokwenda huko hutibiwa na wengi hurudi kwao, na mwenye sonona kama yako mara nyingi hutibiwa akitokea nyumbani, kama unavyofanya wewe sasa. Kisha akishafika, usimweke sebuleni kama mkaguzi aliyekuja shuleni. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye hata mgeni si: mpe ungo achambue kwa vidole mchele wa jioni, mpe mjukuu wa kiume amsimulie hadithi, muulize yeye hupikaje mlenda. Mama anayefagia kabla ya jua kuchomoza ni mtu anayetaka kuhitajiwa. Nikutanie kidogo, mwanangu: mwenye mtoto wa jicho haoni vumbi, kwa hiyo mpaka siku ya upasuaji una nafasi. Baada ya upasuaji atakatazwa kuinama na kunyanyua vizito kwa muda, hivyo ufagio hataushika hata akiutamani, na dada wa kufua apangwe kuja wiki hiyo.

Kuhusu maombi, endelea kuomba ukiweza, na siku usiyoweza waache jumuiya wakuombee. Sala na kidonge cha asubuhi havigombani. Anayekuambia uache dawa ili maombi yafanye kazi, huyo usimsikilize. Kunywa dawa asubuhi kama ulivyoelekezwa, kwa sababu ikinywewa jioni huweza kuharibu usingizi ambao tayari umekuwa haba. Ukipata nafuu usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kwa kawaida huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na huachwa taratibu daktari akijua. Utakaporudi kliniki muulize pia kama kuna haja ya kukupima wingi wa damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyozubaa huleta uchovu unaofanana na huu, na huweza kuwapo pamoja na sonona.

Imebaki sufuria ya maharage. Umeniandikia juu yake kana kwamba ni lazima siku moja uifunue, uione, uimwage na kuisugua mpaka iwe kama mpya, na nadhani ndiyo iliyofunga mlango wa jiko lote. Usiifunue. Muombe mwenzako aje na kiroba, aiingize humo ilivyo, na mfuniko wake na yote yaliyomo, akifunge kwa kamba, na siku gari la taka litakapopita kiroba kiende nalo. Sufuria nyingine utanunua sokoni mshahara ukiingia.